Kupanga molekuli kwa pigo la leza: fanya hesabu mwenyewe kwa Python

Vijana ninaokaa nao jioni hapa Chumbageni, Tanga, hawajawahi kuona leza ya femtosekunde (femtosekunde 1 ni sekunde 10⁻¹⁵). Hesabu yake wanaifanya kwenye kompyuta mpakato, nayo inapendeza kweli. Tunaanza na naitrojeni.

Uga wa umeme wa leza huvuta elektroni za molekuli kirahisi zaidi kwa urefu kuliko kwa upana, hivyo molekuli hutaka kulala sambamba na uga. Pigo la femtosekunde 100 huisha kabla haijawahi kugeuka. Inabaki na msukumo tu, na hujipanga leza ikiwa imeshazima.

Hatua ya 1. Chukua J, namba kamili inayohesabu kiasi cha mzunguko wa molekuli, kuanzia 0 hadi 30. Tengeneza matriksi ya cosθ, θ ikiwa pembe kati ya molekuli na uga: kati ya J na J+1 weka √[((J+1)²−M²)/((2J+1)(2J+3))], M ikiwa sehemu ya mzunguko huo kwenye mhimili wa uga; kwa sasa M=0. Izidishe kwa yenyewe upate cos²θ, kisha ondoa safumlalo na safuwima ya mwisho, maana namba ya pembeni pale huharibika. Namba ya kwanza lazima iwe 1/3. Isipokuwa hivyo, usiendelee.

Hatua ya 2. Piga: exp(iP cos²θ) juu ya hali ya J=0, P ikiwa nguvu ya pigo, hapa P=3. Tumia expm ya SciPy, maktaba ya hesabu ya Python. Ile exp ya NumPy, maktaba nyingine, hushughulikia namba mojamoja, si matriksi nzima.

Hatua ya 3. Zidisha kila J kwa exp(−iπJ(J+1)t/T), t ikiwa muda baada ya pigo na T muda wa mpangilio kurudi kamili, pikosekunde 8.38 (pikosekunde 1 ni femtosekunde 1000), kisha chora wastani wa cos²θ dhidi ya t.

Hapa tulia uangalie. Mchoro unapanda, unatawanyika, halafu unarudi. Fikiria baiskeli zetu za Tanga zikizunguka bustani: jozi ya J 0 na 2 hukata mizunguko 3 ndani ya T, ya 2 na 4 hukata 7, ya 4 na 6 hukata 11. Zote namba kamili, kwa hiyo hukutana tena pale zilipoanzia.

Hatua ya 4. Ongeza joto: anzia kila J na kila M, ukichukua wastani wa majibu mwishoni, kila jibu kwa uzito wa Boltzmann, yaani uwezekano wa molekuli kuanzia hapo kwa joto hilo. Kwa naitrojeni, J shufwa zina uzito 2, witiri 1. Ukisahau uzito huo, mkupuo (mpangilio kurudi kwa muda mfupi) wa robo ya T, karibu pikosekunde 2.1, utafifia kabisa, kwa kuwa shufwa na witiri hufutana. Oksijeni ina witiri pekee. Kwake mkupuo wa robo husimama wazi.