Soja wawili, maduka kumi: nini uonyeshe, nini ufiche

Kama plot yenu hapa Nakuru iko na soja wawili na maduka kumi, hamuwezi linda kila mlango usiku mzima, hiyo tukubali kwanza. Kitu mko nacho ni kwamba mwizi hajui soja amesimama wapi. Hiyo ilindeni kuliko kufuli.

Kwamba kuna soja, onyesheni: taa iwake, tochi ionekane, juu mwizi akiona mapema kuna mtu, anapita tu. Chenye mnaficha ni ako mlango gani saa ngapi. Sisi huku Free Area tulikosea hapo, soja alikuwa anazunguka kila saa kamili mpaka mama wa mandazi anajua saa kwa tochi yake, na saa nane na dakika ishirini mtu akakata kufuli ya hardware bila haraka.

Sasa mmoja anakaa geti, mwingine anarusha dadu ya ludo kabla asonge. Moja, mbili, tatu aende hardware, nne na tano duka la gesi, sita azungukie kinyozi na hao wengine. Penye mali ni mingi panapata nambari mingi, lakini hakuna duka linakosa kabisa. Msimwache achague kwa kichwa, mtu hata akidhani anabahatisha atarudi tu penye kuna kiti na jiko. Uwanja wa ndege wa Los Angeles walianza kitu kama hiyo 2007, kompyuta inawachagulia vizuizi viwekwe barabara gani na mbwa wapelekwe jengo gani, juu hata wao polisi hawatoshi kila mahali.

Kudanganya nako, pole pole. 1944, kwa vita ya pili ya dunia, Waingereza na Wamarekani walimwekea Hitler jeshi hewa kule Kent, Uingereza, ndio adhani watashambulia Ufaransa wakipitia Calais: redio zinaongea, mashua za uongo, jenerali wa Marekani Patton akatajwa ndio mkubwa, na hata baada ya jeshi la ukweli kutua Normandy, pengine Ufaransa, vikosi vingi vya Wajerumani vikabaki Calais vikingoja. Iliwezekana juu majasusi wa Hitler huko Uingereza walikuwa wamegeuzwa wafanyie Waingereza, hakuna wa kumwangalilia karibu. Mwizi wako anaweza simama chini ya kamera mchana akinunua misumari. Akiona waya inaning'inia tu, hata ile ya ukweli hataiogopa. Kwa hivyo ukiwa na kamera moja inayofanya, tafuta maganda matupu ya kamera yanayofanana nayo kabisa na waya zote ziingie ukutani.

Soja msimdanganye, ajue kamera gani inafanya kazi. Grupu ya WhatsApp isijue. Na soja akiacha kazi, badilisheni nambari za dadu siku hiyo hiyo.