Ukiwa Ughaibuni: Kumtafutia Mama Daktari wa Maumivu Sugu Dodoma

Ukimpigia mama simu atasema, "Sijambo, ni magoti tu." Daktari akimsalimia atajibiwa hivyohivyo, na faili litaonyesha mgonjwa anaendelea vizuri. Maumivu sugu, yaani yaliyovuka miezi 3, hupotelea hapo. Kabla ya daktari, basi, tafuta daftari.

Anayeishi naye aandike kwa siku 14: panapouma, kama panachoma, panavuta au panakufa ganzi, alama ya 0 hadi 10 asubuhi na jioni, ameamka mara ngapi usiku. Muhimu zaidi, kazi gani imemshinda. "Hawezi tena kuchuchumaa chooni" humwambia daktari mengi kuliko "anaumwa sana". Dawa zote ziorodheshwe, mitishamba ikiwemo. Na kama nyumbani kuna mifugo au hunywewa maziwa yasiyochemshwa, liandikwe: brusela, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba, humletea binadamu homa za kuja na kuondoka pamoja na maumivu ya mgongo na viungo. Kwa mzee wa Kigogo aliyezeeka zizini, msiseme upesi kwamba ni umri.

Anzeni kituo cha afya cha karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile wenyeji wanayoiita General. Ikihitajika bingwa, ombeni barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa, upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Mwenye bima aulize mapema kama inagharamia akienda bila barua.

Msindikizaji asiwe mtu ambaye mama anamwonea haya. Kama mama hueleza vizuri zaidi kwa Kigogo, atafsiriwe neno kwa neno, asifupishiwe. Ukitaka kushiriki kwa simu, pata kwanza ridhaa ya mama na ya daktari, kisha piga hesabu ya saa: saa 3 asubuhi Dodoma ni saa 12 asubuhi London majira ya baridi, na saa 7 usiku Washington. Foleni ni ndefu, kwa hiyo uliza matatu tu: unadhani chanzo ni nini? Kipimo hiki kitabadilisha nini katika matibabu? Turudi lini, na tutakukuta wewe?

Majibu hayo yatakuonyesha kama daktari ana utu. Mwenye utu humshika mama goti kabla ya kuandika dawa, huuliza usingizi, na husema wazi kwamba maumivu huenda yasiishe kabisa ila mama atatembea hadi sokoni. Upole wa sauti peke yake usikudanganye. Ukimpata wa namna hiyo, baki naye. Kuhamahama huzaa vipimo vilevile na dawa zinazogongana.

Na tafadhali, usitume makopo ya ibuprofen, ile dawa ya kutuliza maumivu. Dawa za kundi hilo, diclofenac ikiwemo, zikitumiwa muda mrefu huchubua tumbo, huumiza figo na kupandisha presha. Mara nyingi mama hunywa mbili za kundi moja kwa sababu majina ya kwenye boksi yanatofautiana. Soma jina la dawa yenyewe. Paracetamol ya miligramu 500 isizidi vidonge 8 kwa saa 24 kwa mtu mzima. Kwa mzee aliyekonda au mwenye ini bovu, daktari atapunguza.

Amitriptyline nayo huleta ugomvi: ndugu husoma kwamba ni ya sonona, wanaiachisha. Kwa dozi ndogo ya usiku hutuliza maumivu ya neva, ila huchukua wiki kadhaa, na inaweza kumpa kizunguzungu akiamka. Awekewe taa karibu na kitanda.

Miguu ikilegea ghafla, ganzi ikishika sehemu za siri, au mkojo ukigoma au ukimtoka bila kujijua, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo akipata choo cheusi kama lami. Hapo msisubiri tarehe ya kliniki, wala wewe upigiwe simu kwanza.