Mfumo wa forodha umeharakisha mzigo? Pima hivi

Kila kikao cha mawakala wa forodha lazima mtu aseme mfumo umerahisisha kazi. Mimi natoa mizigo hapa bandari ya Mtwara, na swali langu huwa moja: umehesabu kuanzia wapi hadi wapi?

Fungua jedwali. Kila mzigo mstari wake, kila hatua tarehe na saa yake: meli imefunga gati, nyaraka zote zimekufikia, TANSAD (tamko la forodha la mzigo) imetumwa kwenye TANCIS (mfumo wa kompyuta wa forodha), makadirio yametoka, kodi imelipwa, ukaguzi, forodha wameachilia, lori limepita lango. Saa za mfumo zitoe kwenye mfumo wenyewe, za lango kwenye pasi ya kutokea. Za kukumbuka jioni hazifai.

Wengi huchemsha kwa kupima toka TANSAD kutumwa hadi mzigo kuachiliwa tu. Chukua mfano wa salfa, kiuatilifu cha mikorosho. Mkulima wa Newala au Tandahimba anaitaka kabla ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, haujashambulia maua. Kwake mzigo umetoka ukishapita lango. Forodha wanaweza kumaliza asubuhi moja, kumbe kibali cha kiuatilifu bado, na kibali kikija, lori hakuna. Kwa hiyo kila kipande cha muda kipe mhusika wake, kila mmoja na safu yake: wakala na mteja, forodha, mfumo, taasisi za vibali, benki, bandari, msafirishaji. Safu ya wakala na mteja huwa ndefu kuliko tunavyopenda kukiri. Shirika la Forodha Duniani nalo lina mwongozo wa kupima muda wa kuachilia mizigo kwa kufuata hatua hizi, ukitaka kwenda mbali zaidi.

Usitegemee wastani peke yake, maana kontena moja lililolala wiki tatu linaharibu hesabu ya mwezi mzima. Panga muda kuanzia mfupi hadi mrefu, chukua wa katikati, halafu utazame mzigo uliochelewa kupita yote na uulize ulikwama kwa nani. Njia ya kijani (mzigo haukaguliwi), ya njano (zinakaguliwa nyaraka) na nyekundu (unakaguliwa mzigo wenyewe) zihesabu mbalimbali: mizigo ya kijani ikiongezeka tu, namba ya jumla itapendeza bila hatua hata moja kuwa na kasi zaidi.

Kulinganisha na zamani kuna mtego wake. Ukiweka Novemba, korosho zimejaa, kando ya Mei, umepima foleni. Msimu kwa msimu, bidhaa ileile. Na kama kumbukumbu zako zinarudi hadi enzi za ASYCUDA++, mfumo uliotangulia TANCIS, kumbuka bandari nayo imeongezewa gati la mita 300. Nafuu ya meli kutosubiri nje ni ya gati, usiipe kompyuta.

Mtandao ukikatika, andika saa ulipokatika na uliporudi. Kuna watakaokwambia uzifute saa hizo kwa kuwa ni dharura. Ziache, tena kwenye safu ya mfumo. Mteja wangu analipia hifadhi ya kontena mtandao uwepo usiwepo.