Kutuza ioni za peptidi bila kuzivunja

Kutuza ni kuzishusha taratibu ioni, yaani molekuli zenye chaji, juu ya bamba ili zikae hapo zikiwa nzima; peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino. Anayeanza kazi hii mimi humpa peptidi iitwayo gramisidini S. Ni pete ya asidi amino 10, imekaza, na kwenye elektrosprei (mnyunyizo wa matone yenye chaji yanayokauka na kuacha ioni) hutoka kwa wingi ikiwa na protoni 2, kwenye m/z 571, yaani uzito ukigawanywa kwa chaji. Ukiielewa hiyo, nyingine zitafuata.

Mashine iache kwanza, shughulikia bamba. Silikoni iliyopakwa dhahabu isafishwe kwa urujuanimno na ozoni, kisha ilale kwenye thioli (molekuli ya mkia mrefu yenye salfa nchani) ya milimola 1 kwa lita ndani ya ethanoli hadi kesho yake. Molekuli hujipanga zenyewe, salfa ikishika dhahabu, mikia juu. Suuza, kausha kwa naitrojeni, ingiza kwenye ombwe.

Ni thioli ipi? Inategemea chaji unaitakia nini. Mikia yenye florini huiachia ioni protoni zake zote mbili. Ya hidrokaboni tupu kwa kawaida huiachia moja. Ya kaboksili huzichukua zote. Ukitaka peptidi inase kabisa, tumia mikia yenye esta ya NHS, kikundi tendaji ambacho hufungana na amino ya pembeni, kama ile ya asidi amino laisini.

Kichujio cha kwadrupoli (fito nne za umeme zinazochagua ioni kwa m/z) kipitishe 571 pekee. Chumvi na uchafu vibaki nyuma. Graham Cooks na wenzake wa Purdue, Indiana, walitangaza utuzaji wa namna hii mwaka 1977, elektrosprei ya peptidi ikiwa bado haijaja.

Sasa upole wenyewe, na hapa ndipo wengi husoma volti wakasahau kuzidisha. Ioni zikishapozwa na gesi kwenye kwadrupoli iliyowekwa volti 40, na bamba liko 30, tofauti ni 10. Chaji ni 2, kwa hiyo kila ioni inagonga kwa nishati ya elektronivolti 20. Napenda hapo. Ukipandisha sana utaanza kuokota vipande. Ukishusha mno, miale ya ioni inatawanyika kabla haijafika.

Unganisha bamba na pikoamita, kipimo cha mikondo midogo sana ya umeme, usiiamini skrini ya kichujio. Pikoampia 100 za ioni hizi ni kama milioni 310 kwa sekunde, basi ioni trilioni 1 zinataka karibu saa nzima. Mkondo ukishuka polepole juu ya florini ilhali sprei imetulia, shuku chaji iliyorundikana: inazisukuma zinazokuja. Hapo simamisha, bamba lipumzike.

Ukimaliza, pima kwa infraredi ya kuakisiwa. Amidi I, alama ya vifungo vya peptidi, itafute karibu na 1660 cm⁻¹. Kwa bamba la NHS, suuza kwa methanoli, upime tena. Kinachobaki ndicho kilichofungana.