Chora njia yako ya wiki ndo utajua jiji lako lina ukubwa gani

Jamani wale mnaopanda mwendokasi Kimara hadi Kivukoni kila siku, chukueni karatasi mchore mlipopita wiki nzima, nyumbani, kituoni, kazini, gengeni, msikitini au kanisani, basi. Mimi nilichora nikakuta Dar yangu yote ni mstari mmoja, Sinza ipo hapo pua na mdomo na mwaka mzima sijakanyaga. Kuna mwanajiografia wa Sweden, Torsten Hägerstrand, alishaeleza haya mwaka 1970, kwamba ukishabanwa na saa ya kuwa kazini na saa ya kurudi, eneo unaloweza kulifikia linabaki dogo tu hata jiji liwe kubwa vipi.

Sasa fanya hivi, fundi cherehani, duka la dawa, kinyozi, watafute kwenye vituo unavyopita tayari, me viatu napeleka Manzese asubuhi nikirudi jioni navichukua, soli imeshashonwa, sina safari ya ziada. Halafu Jumamosi yako ikiwa haina viporo shuka Shekilango utembee kwa mguu hadi Sinza, taratibu tu.