Kujenga Kabati Dogo la Pac-Man kwa Matumizi ya Nyumbani

Pac-Man, mchezo uliobuniwa na Toru Iwatani wa kampuni ya Namco na kutolewa nchini Japani mwaka 1980, ndio ninaompendekezea mtu anayejenga kabati la mchezo wa video, yaani sanduku la kusimama lenye skrini na vidhibiti vya kuchezea, kwa mara ya kwanza. Umaarufu wake si sababu kubwa. Kinachonivutia ni kwamba mchezaji hahitaji chochote zaidi ya joistiki moja na vitufe viwili vya kuanzia, kwa hiyo ubao wa vidhibiti unaweza kupunguzwa upana bila mikono kubanana. Street Fighter II ya mwaka 1991, yenye vitufe sita kwa kila mmoja wa wachezaji wawili, haikubali kupunguzwa namna hiyo, kwa kuwa kabati litasinyaa lakini kiganja cha mchezaji kitabaki kilekile.

Kabati lililouzwa Marekani na kampuni ya Midway lina kimo cha takriban sentimita 175, upana wa 62 na kina cha 85. Wengi hugawa vipimo hivi kwa mbili, kisha wakahangaika kutafuta skrini ya kuingia humo. Mimi huanzia kwenye skrini. Skrini ya zamani ya kompyuta ya inchi 17, ile isiyo pana, yenye nukta 1280 kwa 1024, hupatikana kwa wauzaji wa vifaa vilivyokwishatumika, na ikisimamishwa wima eneo lake la picha lina upana wa sm 27 na kimo cha sm 34. Picha ya Pac-Man ina nukta 224 kwa 288. Ukizidisha kila upande mara nne unapata 896 kwa 1152, nazo zinaenea ndani ya skrini hiyo bila kukatwa na bila nukta moja kuwa nene kuliko jirani yake. Paneli iliyovuliwa ganda la plastiki ina upana wa karibu sm 30, na ukiongeza nafasi ya vishikizo pamoja na unene wa mbao za pembeni unafikia sm 37. Hiyo ni asilimia 60 ya upana wa kabati halisi, na kwa uwiano huohuo kimo kinakuwa sm 105 na kina sm 51. Ubao wa vidhibiti utakaa karibu sm 58 kutoka sakafuni, kimo kinachomfaa mtu aliyeketi kwenye stuli fupi.

Kabla ya kulipia skrini, isimamishe wima ikiwa inawaka, kisha itazame ukisogeza kichwa kushoto na kulia. Skrini nyingi za umri huo hufifia zikitazamwa kutoka chini, na zikigeuzwa wima udhaifu huo huhamia upande mmoja wa mchezaji. Unapoivua, ishia kwenye ganda la nje. Usifungue sehemu ya umeme iliyo nyuma, kwa sababu kapasita zake huweza kuhifadhi chaji hata baada ya plagi kuchomolewa.

Mchoro wa ubao wa pembeni uchore kwanza kwenye boksi gumu, ukate kwa kisu, uusimamishe kwa gundi ya karatasi, halafu ukae mbele yake kwa dakika kumi. Hatua hii huonekana kama mchezo wa watoto, lakini kabati langu la kwanza lilinilazimu kuinamisha shingo kila nilipocheza kwa sababu niliiruka. Skrini inapaswa kulala nyuma kidogo, ili macho ya aliyeketi yaitazame moja kwa moja.

Karatasi moja ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) ya mm 12, yenye ukubwa wa kawaida wa mm 2440 kwa 1220, inatosha kabati zima. Mbao mbili za pembeni hukaa bega kwa bega upande mmoja wa karatasi, na sehemu inayobaki hutoa vipande vitatu virefu vyenye upana wa mm 346, ambao ndio upana wa ndani wa kabati. Zibane mbao mbili za pembeni pamoja na uzipige msasa kwa pamoja, ili mikunjo yake ilingane. Usipige skrubu moja kwa moja kwenye ukingo wa MDF, maana itapasuka; gundisha ndani vipande vya mbao laini vya sm 2 kwa 2, kisha funga skrubu humo baada ya kutoboa tundu dogo la kutangulia. Vaa barakoa wakati wote wa kukata, kwani vumbi la MDF ni baya kwa mapafu. Wanaoishi pwani waliinue kabati kwa miguu ya mpira, kwa kuwa MDF hunyonya unyevu wa sakafu na kuvimba, na kingo zote zipakwe gundi ya mbao iliyochanganywa na maji kabla ya rangi ya njano.

Ubao wa vidhibiti ndio unaostahili subira kuliko kazi nyingine zote. MDF ya mm 12 humeza shina la joistiki na kuliacha fupi mno, kwa hiyo tumia plaiwudi ya mm 6 iliyoimarishwa kwa vibao chini yake. Vitufe vya mtindo wa Kijapani huhitaji matundu ya mm 30; chagua vile vinavyokazwa kwa nati, kwa sababu vile vya kubana kwa meno vilitengenezwa kwa bati jembamba. Joistiki iwe ya pande nne. Pac-Man hutembea juu, chini, kushoto na kulia tu, na joistiki ya pande nane inayobonyeza swichi mbili kwa wakati mmoja itamfanya apitilize kona huku mzimu ukimkaribia. Joistiki nyingi zina kibati chini ambacho kikigeuzwa huzuia mshazari. Kigeuze kabla ya kufunga ubao.

Nyaya za swichi huingia kwenye kadi ndogo ya USB, na kadi hiyo kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoendesha mchezo. Raspberry Pi 4 inahitaji umeme wa volti 5.1 na ampea 3, na chaja dhaifu ya simu huifanya izimike katikati ya mchezo. Toboa matundu ya hewa chini na juu ya ubao wa nyuma, ili joto lipande na kutoka.

Programu ya MAME, inayowezesha kompyuta kucheza michezo ya makabati ya zamani na iliyoanzishwa na Nicola Salmoria mwaka 1997, ina mipangilio ya autoror na autorol inayogeuza picha kwa ajili ya skrini ya wima. Mchezo wa Pac-Man bado ni mali ya Bandai Namco, kwa hiyo tafuta nakala halali. Kwa majaribio, tovuti ya MAME hutoa michezo michache kama Gridlee kwa ruhusa ya wenyewe, ili mradi isitumiwe kibiashara. Mwisho, tenga kitufe kimoja nyuma ya kabati kwa amri ya kuzima, kwani kuchomoa plagi ghafla huweza kuharibu mafaili yaliyomo kwenye kadi ya kumbukumbu.