Diski ya Terabaiti Moja Inaweka Siku Ngapi?

Ndilo swali ninaloulizwa kila nikifunga kamera hapa Lamu, na mimi huwa sijibu kabla sijaona menyu. Kuna mama mwenye nyumba ya wageni huko Mkomani, aliuziwa mashine ya kurekodi ya kamera nne akaambiwa picha zinakaa mwezi mzima. Pampu yake ya maji ikaibwa uani. Aliniita siku ya tisa. Nilipofungua mashine, picha ya zamani kabisa ilikuwa ya siku tano nyuma.

"Mwanangu, si nimeambiwa diski ni terabaiti nzima?"

Ni nzima, bibi. Tukakaa darini penye upepo, nikaomba kalamu.

Kwenye menyu ya kila kamera kuna namba ya bitireti, yaani kiasi cha data ambacho kamera inamwaga kila sekunde. Hupimwa kwa megabiti, si megabaiti. Biti 8 ndizo baiti 1. Diski ni jabia, bitireti ni bomba linaloijaza. Wauzaji wanakusifia jabia, bomba hawalitaji.

Siku ina sekunde 86,400. Megabiti 1 kwa sekunde, usiku na mchana, inakuwa megabiti 86,400. Gawa kwa 8 upate megabaiti 10,800, sawa na gigabaiti 10.8. Hiyo 10.8 ndiyo namba ninayotembea nayo kichwani. Kamera za mama zilikuwa 4, kila moja megabiti 4: 4 × 4 × 10.8 ni gigabaiti 172.8 kwa siku. Terabaiti ni gigabaiti 1,000, kwa hiyo hazifiki hata siku 6. (Mashine ikikuonyesha 931 hujaibiwa. Kiwanda huhesabu kwa 1,000, mashine kwa 1,024.)

Diski ikijaa, kinachofuata ni ovaraiti: picha mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani kuliko zote. Picha ya wizi wa pampu yake ilifutwa hivyo. Usiizime ovaraiti hata hivyo, maana ukiizima, mashine inajaa na kuacha kurekodi kabisa, nawe huna habari.

Kupata siku nyingi bila kununua diski, tazama kwanza mfumo wa kubana picha. H.265 huhitaji karibu nusu ya data ya H.264 kwa picha inayolingana. Lakini hapa hata mafundi huteleza: ukibadilisha mfumo ukaacha bitireti pale pale kwenye 4, diski inajaa vile vile. Lazima uishushe mwenyewe. Na fremu kwa sekunde, yaani picha moja moja zinazounda video, ni hivyo hivyo. Kama bitireti imewekwa isibadilike, kutoka fremu 25 hadi 12 hakukupi nafasi hata kidogo. Kila fremu inapata data zaidi tu. Nilimwekea H.265, megabiti 2, fremu 15. Pampu haikimbii, wala mwizi wake hana haja ya fremu 25.

Wengi hukimbilia kurekodi kwa mwendo, kamera inashika pale tu kitu kinaposogea. Dukani ni sawa. Kwetu, kichochoro kinapita punda tangu alfajiri, paka hawalali, na kusi ikivuma makuti yote yanacheza. Usiku ndiyo balaa: buibui hupenda taa za kamera, akitanda utando mbele ya lenzi mashine inarekodi mpaka asubuhi. Chora eneo la mlango peke yake, futa vumbi na utando, na weka sekunde chache za kabla ya tukio, ama utamuona mwizi mgongo tu. Dirisha la jirani usilielekee. Ni stara, na ni Sheria ya Kulinda Data ya 2019.

La mwisho ni saa. Mtu aliniambia picha yake haipo, kumbe alikuwa akitafuta 03:00 kwa tukio la saa tatu usiku. Mashine haijui Kiswahili: saa tatu usiku ni 21:00. Umeme ukikatika mara kwa mara na kibetri cha ndani kimekufa, tarehe nayo inarudi nyuma miaka, kwa hiyo itazame kila umeme unaporudi. Ukipata tukio, linakili kwenye flashi siku hiyo hiyo, pamoja na programu ya kulichezea kama mashine inatoa faili za aina yake.

Kabla sijaondoka nilimwonyesha mama namna ya kufungua picha ya zamani kuliko zote. Wiki mbili baadaye akanipigia: "Ya nyuma kabisa ni ya siku kumi na moja, mwanangu. Sawa?"

4 × 2 × 10.8 ni 86.4. Sawa, bibi.